Pimbi Aliyepepeta Habari za Vita

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati Tembo alikuwa mfalme na Fisi bado anavaa kanzu, kando ya mto palikuwa na nyumba ndogo iliyoitwa Nyumba ya Ungo. Sogeeni karibu. Wewe, mpishe mwenzako naye akae. Haya.

Nyumba hiyo haikuwa na mpunga wala mtama. Kilichopepetwa mle ndani ni habari.

Tembo mnamjua. Akipita, ardhi inasema du! du! du! Lakini macho yake ni madogo, na mambo ya mbali huyaona kama ukungu. Sasa mfalme asiyeona mbali atafanyaje? Ataambiwa. Huyu anakuja mbio, "Mtukufu, kuna moto kule!" Yule anakuja mbio, "Mtukufu, moto hakuna, ni vumbi la nyumbu!" Mfalme anageuka huku, anageuka kule, mwisho kichwa kinamuuma.

Ndipo akaijenga Nyumba ya Ungo, akamweka mle Bi Sikudhani. Bi Sikudhani alikuwa pimbi, mnyama asiyezidi boga, mama wa watoto watatu.

Kazi yake haikuwa kupigana; askari walikuwepo. Wala haikuwa kuchungulia majirani. Wachunguliaji walikuwepo, tena tele. Yeye alipokea kila habari iliyoletwa, akairusha juu ya ungo, cha! cha! cha! akatazama kinachobaki. Kilichoonwa kwa macho alikiita mchele. Kilichosikiwa kwa mtu mwingine alikiita chenga. Kilichodhaniwa tu alikiita pumba. Kisha alikwenda kwa Mfalme na vikapu vitatu, akasema, "Mtukufu, hiki tunakijua. Hiki tumekisikia. Na hiki tunakidhani."

Na siku nyingine alikwenda na neno moja, gumu kuliko yote kulisema mbele ya mfalme: "Hatujui."

Siku ya kwanza ya kazi walipatana. Mfalme alisema, "Wewe hutaniamulia la kutenda, na mimi sitakuamulia la kusema." Akacheka, mkonga ukapaa juu. Wafalme hucheka kwa urahisi siku ambayo hakuna vita.

Asubuhi moja Bi Sikudhani alikuwa anafagia, na Kazija, kitindamimba wake, amefungwa mgongoni anakohoa. Nyumba ilikuwa inavuja, na mtoto alikuwa amelowa kifua. Mara, "Hodi!" Kabla hajasema karibu, mgeni ameshaingia. Ni Waziri Fisi, na kanzu yake yenye madoa ya mchuzi.

"Bi Sikudhani, acha ufagio! Ngiri wa ng'ambo wanakuja kutupiga!"

"Karibu, Mheshimiwa. Umeamkaje?"

"Nimeamka na vita! Wanachimba mahandaki. Wananoa chonge zao, kwaru, kwaru, usiku na mchana. Kesho kutwa watavuka mto. Nimeshaandika kila kitu. Wewe weka muhuri tu, Jemadari Kifaru apige ngoma, tuwawahi kabla hawajatuwahi."

Akamsukumia kipande cha gome. Muhuri wa Nyumba ya Ungo ulikuwa wayo wa Bi Sikudhani mwenyewe, uliochovywa katika udongo mwekundu. Bila wayo huo, Mfalme hakuamini habari yoyote ya mbali.

Bi Sikudhani hakuchovya wayo. Alishusha ungo ukutani.

"Swali la kwanza, Mheshimiwa. Nani ameona?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wangu. Mbweha, Kunguru na Tumbusi."

"Swali la pili. Hao watatu wanakula chungu kimoja au kila mmoja kwake?"

"Wanakula kwangu. Mimi ni mkarimu, kila mtu anajua."

"Basi hao si mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja mwenye midomo mitatu. Swali la tatu. Ngiri wakipigwa leo, mizoga yao ataila nani?"

Fisi akameza mate. Gudu! Yalisikika mpaka nje.

"Hilo ni swali gani la kukosa adabu?"

"Huulizwa kila anayeingia mlango huu, Mheshimiwa. Hata Mfalme aliulizwa, siku ile aliyokuja akisema ameona jitu kubwa ndani ya mto, na likawa kivuli chake." Akaurusha ungo, cha! cha! cha! "Kuchimba ni chenga. Kunoa chonge ni chenga. Kwamba watavuka kesho kutwa, hiyo ni pumba."

Fisi akabadili sauti, ikawa laini kama mafuta. "Nasikia mtoto anakohoa. Nyumba yako inavuja, dada yangu. Kule juu kuna jabali, lina pango kavu, asubuhi jua linaingia mpaka ndani. Ni jabali la serikali. Neno moja kutoka kwangu, watoto wako watalala pakavu."

Wanangu, msidhani Bi Sikudhani hakutamani. Alimsikia Kazija mgongoni akipumua kwa shida, khrr, khrr. Mama yeyote angetamani.

"Ahsante, Mheshimiwa. Tutaendelea kuweka beseni panapovuja."

"Ala!" Fisi akasimama, ulaini wote umekwisha. "Basi sikiliza, wewe boga lenye miguu. Watoto wa pimbi wana mifupa laini. Fikiria."

"Nimefikiria. Mlango ni huohuo ulioingilia."

Akaondoka, kanzu inafagia vumbi. Alipokwisha kupotea, Bi Sikudhani akakaa chini, akampakata Kazija.

Akiwa pale chini akamkumbuka Mama Kijoli.

Mama Kijoli alikuwa ngiri, mwenye uso wa vidutu na sauti ya kukwaruza. Masika yaliyopita mto ulifurika ghafla watoto wa Bi Sikudhani wakiwa wanacheza ng'ambo. Mkuyu mkubwa wa kule, mmoja tu ulikuwepo, uling'oka, kra-a-a, puu! Mto ukauchukua na mizizi yake. Mama Kijoli akawakusanya watoto wa pimbi, akawatia shimoni pamoja na wake, kisha akaziba mlango kwa mgongo wake mwenyewe. Mvua ilimpiga mgongo ule tangu asubuhi mpaka jioni. Bi Sikudhani alipofika, Mama Kijoli alisema tu, "Wamekula, shoga. Yule mdogo hapendi mizizi," akaenda kujikung'uta maji.

Kwa hiyo moyo wa Bi Sikudhani ulikuwa umeshaamua kwamba Ngiri ni watu wema. Lakini aliutazama ungo, akajiambia, "Wee Sikudhani, hata mapenzi ni pumba. Yapepete nayo. Nenda ukaone."

Akavuka mto kwa kuruka mawe, chupu, chupu, chupu. Akamkuta Mama Kijoli na mabinti zake wamejaa udongo mpaka kwenye kope.

"Shoga, mbona mnachimba hivi?"

"Unauliza! Mashimo yetu yote yalijaa tope masika yale. Mabinti wanne hawa ni wajawazito. Unataka wazalie juani, fisi awaonje?"

"Na hizo kwaru kwaru?"

"Hao wanaume, mwaya. Zamani walikuwa wananoa chonge kwenye mkuyu, kimya kimya. Tangu uende na maji wananoa kwenye mawe, hatulali kwa kelele." Akamtazama vizuri. "Kuna nini, Sikudhani? Umekonda uso."

Bi Sikudhani hakumwambia. Mambo ya ungo hayatolewi nje ya nyumba. Alimbusu shavu lenye vidutu, akarudi.

Asubuhi iliyofuata Fisi akaja tena, safari hii anacheka peke yake, hi hi hiii!

"Mfalme anakuita barazani jua likiwa utosini. Nimemwambia unaficha vita. Kifaru ameshapanga askari. Uje na muhuri au uje na wosia."

Bi Sikudhani alikuwa ananyonyesha. Hakuinua kichwa.

"Nitakuja, Mheshimiwa. Nina swali dogo tu. Hao mashahidi wako walifika mpaka kwenye ule mkuyu mkubwa wa ng'ambo?"

"Mkuyu?"

"Ule wenye kivuli kipana. Wapanga vita hukutana kivulini, si juani. Sijui kama waliiona ngoma yoyote ya vita chini yake. Ngoma nyekundu, labda. Nauliza tu."

Masikio ya Fisi yakasimama, moja, mawili.

"Walifika!" akasema. "Yaani, ndiyo, walishaniambia habari za ngoma. Nilisahau tu kuiandika." Akatoka mbio, tifu tifu tifu, hata kuaga hakuaga.

Bi Sikudhani akamfuta Kazija mdomo. "Umeona, mwanangu?" akanong'ona. "Huyo hajavuka mto tangu mafuriko."

Na kweli hakuvuka. Maji yalipofurika masika yale, Fisi alikuwa ameshakimbilia milimani kwa wakweze, yeye na Mbweha na Kunguru na Tumbusi. Hawakurudi mpaka matope yalipokauka na harufu ya nyama ilipoanza kusikika tena.

Jua likafika utosini. Barazani palijaa. Askari walikuwa wamepanga mistari, nyati huku, pofu wenye pembe ndefu kule, na Jemadari Kifaru ameshika mkwiro wa ngoma, mikono inamwasha.

"Nipige, Mtukufu? Nipige?"

"Ngoja, Kifaru."

Mfalme Tembo alikuwa amekaa juu ya gogo lake kubwa, na uso umemkunjana. Bi Sikudhani akapita katikati ya miguu mikubwa, ungo mkononi, Kazija mgongoni. Jua lilikuwa kali mno. Askari mmoja, Pofu, mrefu kama nyumba, hakusema neno. Alisogea tu hatua moja ili kivuli chake kimfunike mtoto. Mambo kama hayo huyaoni usipoangalia, wanangu. Yaangalieni.

"Bi Sikudhani," Mfalme akanguruma. "Ngiri wanakuja au hawaji?"

"Mtukufu, wanachimba, hilo nimeliona kwa macho. Wananoa chonge, hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Wanachimba kwa sababu mashimo yao yaliharibika na wake zao ni wajawazito. Kwamba wanataka vita, sijaona dalili. Lakini yaliyomo moyoni mwa kila ngiri, hatuyajui."

"Amekiri!" Fisi akaruka juu. "Amekwenda ng'ambo! Ana shoga kule! Muulizeni watoto wake walikaa kwa nani siku ya mafuriko! Anawatetea maadui, msaliti huyu!"

"Lo!" baraza lote likasema. "Lo! Kumbe!"

"Ni kweli," Bi Sikudhani akajibu, na sauti yake ilisikika mpaka mstari wa mwisho. "Mama Kijoli aliwakinga mvua wanangu kwa mgongo wake. Ninampenda. Kwa hiyo ushahidi wangu mimi usipimwe kama mchele. Utieni katika chenga, msiuamini peke yake. Mimi najipepeta mbele yenu. Nani mwingine hapa amejipepeta?"

"Sitaki mapepeto!" Mfalme akapiga kelele, masikio yakafunguka kama milango. "Askari wangu wamesimama juani! Mimi ni mfalme, nataka neno moja, wanakuja au hawaji! Nipe wanakuja, uweke muhuri, tumalize!"

"Tulipatana, Mtukufu. Hutaniamulia la kusema."

"Unanikumbusha mimi?"

Mguu wa Tembo ukainuka. Mguu mmoja tu, wanangu, lakini kivuli chake kilimfunika Bi Sikudhani na ungo wake wote.

Bi Sikudhani akamfungua Kazija mgongoni. Akampa Pofu. Pofu akampokea taratibu, kama mtu anayepokea yai. Kisha Bi Sikudhani akarudi palepale, chini ya mguu.

"Mguu ni wako, Mtukufu, na mgongo ni wangu. Unaweza kunikanyaga sasa hivi. Lakini ukishanikanyaga, 'hatujui' itabaki kuwa 'hatujui'. Ila hutakuwa tena na wa kukuambia."

Nzi alipita, zzzz, kila mtu akamsikia.

Mguu ulikaa hewani. Kisha ukashuka pembeni, polepole, du.

"Unataka nini?" Mfalme akauliza, sauti imepungua.

"Nataka kufanya kazi uliyonipa. Nipe mashahidi wa Waziri, mmoja mmoja. Wengine wakae nyuma ya kile kichuguu, wasisikie mwenzao anasema nini."

"Haina haja!" Fisi akasema.

"Ina haja," akasema Mfalme.

Akaja Mbweha, anapangusa midomo.

"Bwana Mbweha, uliona nini ng'ambo?"

"Niliona kwa macho yangu haya mawili, ngoma nyekundu ya vita, chini ya mkuyu mkubwa wenye kivuli kipana."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilijificha nyuma ya shina. Shina nene hilo! Ngiri hamsini wasingeniona."

"Lini?"

"Juzi, bibi. Juzi hii hii."

"Ahsante. Kaa hapa, funga mdomo. Aje Kunguru."

Kunguru akaja anatembea, maana tumbo lilikuwa zito, hakuweza kuruka. "Kraa! Niliona kwa macho yangu haya mawili, ngoma nyekundu ya vita, chini ya mkuyu mkubwa wenye kivuli kipana."

Watu wakaanza kutazamana. Maneno yaleyale, hata pumzi ileile.

"Ulikaa wapi, bwana Kunguru?"

"Juu ya tawi la juu kabisa! Lilikuwa linayumba, nikashikilia, kraa! Karibu nianguke!"

"Pole sana. Aje Tumbusi."

Tumbusi akaja na shingo yake tupu. Naye akasema vilevile: macho yangu haya mawili, ngoma nyekundu, mkuyu mkubwa, kivuli kipana.

"Na mkuyu ulikuwa na hali gani, mzee?"

"Hali nzuri kabisa. Umezaa! Nilichuma kuyu tatu nikala. Tamu!"

"Tangu lini Tumbusi anakula matunda?" akauliza nyati mmoja kwa sauti, na mistari yote ikacheka.

"Nipige sasa?" Kifaru akauliza. "Mashahidi watatu hao!"

Lakini Mfalme Tembo hakuwa anacheka wala hakuwa anamsikiliza Kifaru. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayekumbuka jambo.

"Bi Sikudhani," akasema polepole. "Mkuyu gani huo?"

"Ng'ambo ile, Mtukufu, kulikuwa na mikuyu mingapi?"

"Mmoja tu. Nilipokuwa ndama mama yangu alinipeleka kula kuyu zake."

"Na siku ya mafuriko, mkuyu huo ulikwama hapa kivukoni, ukaziba maji yakaanza kupanda kwenye nyumba zetu. Nani aliuvuta?"

"Mimi. Kwa mkonga wangu huu. Siku nzima nilivuta."

"Ukaupeleka wapi?"

Mkonga wa Mfalme ukashuka, taratibu, taratibu. Ukagusa gogo alilokalia. Ukalipapasa mara moja, mara ya pili.

"Nimeukalia," akasema Mfalme.

Salaale! Baraza lililipuka. Nyati walipiga kwato, puu puu puu. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. Watu wote wa nchi ile walijua gogo lile limetoka wapi. Fisi na watu wake tu ndio hawakujua. Waliporudi kutoka milimani walilikuta, wakapita mbele yake kila siku, wasiulize. Fisi huuliza vinavyoliwa tu.

"Labda," Kunguru akakohoa, "labda mimi nilikaa kwenye mkuyu mwingine mdogo..."

"Funga mdomo, mjinga!" Fisi akafoka, kisha akamgeukia Bi Sikudhani, povu linamtoka. "Umenitega! Wewe ndiye uliyeniambia kuna ngoma chini ya mkuyu!"

"Sikukuambia ipo, Mheshimiwa. Niliuliza. Wewe ndiye uliyenijibu kwamba wameiona."

"Ala!" Mfalme akasimama. "Kumbe ngoma hiyo ilitoka katika swali la Bi Sikudhani, ikaingia mdomoni mwako, na kutoka mdomoni mwako ikaingia katika macho ya hawa watatu!"

Ndipo Fisi alipotambua amesema nini mbele ya watu wote. Akafunga mdomo, tap! Lakini alikuwa amechelewa.

"Bado kidogo, Mtukufu," akasema Bi Sikudhani. "Lipapase gogo ubavuni, upande wa chini."

Mkonga ukapapasa. "Kuna mikwaruzo. Mirefu. Mingi mno... Mingine imeota gome jipya juu yake."

"Ni chonge za Ngiri. Babu zao walinolea hapo, na babu wa babu zao. Kama kunoa chonge ndiyo vita, basi tumepigwa kila mwaka tangu dunia iumbwe, na hatukuona."

Mfalme alikaa tena juu ya gogo, mzito, puu. Aliwatazama askari wake, vijana wa watu, waliokuwa tayari kuvuka na kukanyaga mashimo yenye akina mama wajawazito. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa niwafanyeje Ngiri, mama?"

"Hilo si la ungo, Mtukufu. Hilo ni lako. Mimi nimekuambia tunachokijua."

Mfalme akatikisa kichwa. Safari hii alicheka kidogo.

"Kifaru!"

"Nipige?"

"Piga. Lakini si ya vita. Waziri Fisi na mashahidi wake wanavuka mto sasa hivi. Waliona mahandaki ya Ngiri. Basi wakayamalize kuchimba, mpaka kila binti wa Mama Kijoli awe na pa kuzalia. Na wewe Kifaru utasimama pale mlangoni. Fisi akimtazama mtoto yeyote kwa jicho la njaa, unajua la kufanya."

Kifaru akapiga kwa furaha zote, ti! ti! ti! Fisi akatiwa mtoni na kanzu yake, chubwi! Ilikwenda na maji, na mpaka leo hajapata nyingine. Madoa ya mchuzi tu ndiyo yaliyobaki mwilini mwake.

Bi Sikudhani akaenda kwa Pofu kumchukua mwanawe. Kazija alikuwa amelala fofofo, na Pofu shingo imemkauka kwa kuogopa kujitikisa.

"Hakulia hata kidogo," Pofu akasema, kama aliyepewa cheo.

"Ahsante, baba. Na ahsante kwa kile kivuli."

"Bi Sikudhani," Mfalme akaita, "nikupe nini?"

"Sitaki zawadi, Mtukufu. Atakayenipa zawadi leo, kesho atataka muhuri. Lakini Nyumba ya Ungo inavuja, na imejengwa bondeni, hatuoni mbali. Ihamishie juu ya lile jabali. Kule nitaona anayekuja kabla hajapiga hodi."

Ndiyo sababu, wanangu, pimbi anaishi majabalini. Ukipita karibu utamwona mmoja amekaa juu kabisa, peke yake, anatazama. Akiona jambo kwa macho yake, atapiga ukelele, nchi nzima isikie. Asipojua, hanyanyui sauti, hata umwinulie mguu mkubwa namna gani.

"Sijui" moja ya mkweli inashinda "tumeona" kumi za waongo.